Maiti Hapangishi: Kumuaga Mama Ini

Ijumaa hii, tarehe 30, mhariri mkuu wa mchezo wetu wa redio, *Mpangaji*, anastaafu baada ya miaka ishirini na mitano ya kutukatalia. Neno hilo tumelipima kabla ya kuliandika. Wengine hustaafu baada ya miaka ya kutumikia, kujenga na kulea. Yeye ametumikia, amejenga na amelea pia, lakini kazi yake hasa ilikuwa kukataa, na aliifanya kwa moyo mmoja, kikombe cha chai mkononi, bila kupandisha sauti hata siku moja.

Kwa wageni waalikwa ambao hawasikilizi redio (karibuni, hatuwalaumu sana), *Mpangaji* ni hadithi ya kiumbe kutoka sayari nyingine anayeingia mwilini mwa binadamu na kuishi humo. Kiumbe ndiye Mpangaji, na binadamu anayempokea tunamwita mwenye nyumba. Mama huyu alipojiunga nasi akitokea shuleni, alikokuwa akifundisha biolojia, kiumbe wetu alikuwa anaruka, anatema moto, anasoma mawazo ya watu, na kuna kipindi kimoja aliimba. Hakuna aliyejua anakaa sehemu gani ya mwili. Siku yake ya kwanza mama alikaa mwisho wa meza kwenye chumba cha waandishi, akasikiliza hadithi yote mpaka mwisho, kisha akauliza: anakula nini, na choo anaenda wapi?

Chumba kizima kilicheka. Yeye hakucheka, kwa sababu alikuwa anasubiri jibu. Wiki haikuisha kabla Mpangaji hajahamishiwa kwenye ini. Ini, alitueleza, hukatwa kipande likajijenga upya, kwa hiyo mgeni anayemega kidogo kidogo hapo anaweza kukaa miaka mingi bila kumuua mwenyeji wake. Chakula kikapatikana, choo kikapatikana, na jina nalo likapatikana. Tangu hapo ni Mama Ini, kuanzia kwa mkurugenzi mpaka kwa walinzi wa getini.

Alimtaka Mpangaji alipe kodi. Mgeni anayekula bila kulipa ni mnyoo, alisema, na hakuna msikilizaji atakayemlilia mnyoo. Basi Mpangaji akawa analipa kwa kusafisha damu na kufunga majeraha. Ndiyo maana Nahodha, shujaa wetu na mwenye nyumba wake, alikuwa haugui homa wala hapati kovu, ila chumvi ya kumlisha Mpangaji aliilamba kama mbuzi. Na juu ya yote kulikuwa na sheria ambayo kila mwandishi aliyepita hapa ameisikia mpaka ndotoni: maiti hapangishi. Mwenye nyumba akifa, ini linakufa, na Mpangaji anakufa humo humo. Harukii mwili mwingine. Hamfufui mtu.

Lakini kilichompa jina nje ya jengo hili ni silabi moja. Redio haina macho. Mtu akiingiwa na kiumbe huwezi kumpaka rangi ya kijani, na wakati huo tulikuwa tunapiga muziki wa kutisha mpaka wasikilizaji wanapunguza sauti. Mama Ini akafuta muziki wote. Akasema mtu aliyepokea mpangaji hasemi tena "ninakwenda", anasema "tunakwenda". Basi. Hakuna kengele wala ngoma. Jirani mwema anaingia, anasalimia, anaulizwa habari za nyumbani, anajibu "tumeamka salama", na msikilizaji jikoni anaacha kukoroga. Mpaka leo mjamzito akisema "tumechoka" mbele ya mashabiki wetu, anaulizwa kama mpangaji ameshalipa kodi.

Silabi hiyo ilituponyoka mara moja. Mwigizaji wa Nahodha, mwisho wa siku ndefu ya kurekodi, alisema "nimechoka" badala ya "tumechoka", na hakuna aliyeisikia mpaka ikaenda hewani. Simu zikaanza kulia kabla kipindi hakijaisha. Mpangaji amekufa? Amehama? Mtayarishaji akataka tuombe radhi. Mama Ini akakataa: "Limeshatoka mdomoni mwa Nahodha, ni la Nahodha." Akatuketisha, akauliza mtu mwenye mpangaji anaweza kusema "ni" akiwa katika hali gani. Labda mpangaji amelala. Kwa nini alale? Labda anajigawa. Anajigawa ili iweje? Hivyo ndivyo alivyozaliwa Mpangaji Mdogo, na ule msimu wake ambao wasikilizaji wanaomba urudiwe kila mwaka. Mwigizaji hadi leo anadai alikosea makusudi. Tumemwacha na furaha yake.

Nyumbani kwake mambo si tofauti. Binti yake anasema hawajawahi kumaliza filamu ya mizimu pale sebuleni, kwa sababu mzimu ukipita ukutani mama anauliza kwa nini sakafuni hauzami.

Hatuwezi kumwandika bila kumtaja mumewe, fundi sauti wetu. Ule mlio wa majimaji unaosisimua mwili kila Mpangaji anapojigeuza, ni yeye aliyeutengeneza, kwa sponji na beseni la maji ya sabuni. Walianza kwa kugombana. Mama alisema ini halina maji mengi kiasi hicho, fundi akasema basi njoo ukamue mwenyewe. Akaenda akakamua, na habari nyingine mnazijua, kwani baadhi yenu mlikula ubwabwa wa harusi.

Fundi aliugua. Tusizunguke: aliugua ini. Mama alikuwa akitoka wodini anakuja kazini, anatoka kazini anarudi wodini, na msimu ule, kwa mpango uliopangwa zamani, Nahodha alikuwa anakufa. Fundi akatangulia yeye. Baada ya mazishi, waandishi walikubaliana kumbadilishia mama mwisho wa hadithi. Katika mwisho mpya Mpangaji anabaki hai, anaufanyia kazi mwili wa Nahodha, na Nahodha anafumbua macho. Walimwekea mezani kwa upendo kabisa. Alisoma mpaka ukurasa wa mwisho. Akazirudisha karatasi, akasema, "Ini lililokufa lingekuwa linaamka, mimi ndiye ningekuwa wa kwanza kuambiwa. Rudisheni ilivyokuwa."

Ikarudishwa. Siku ya kurekodi aliingia studio mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha mumewe, akalivuta beseni. Nahodha alisema neno lake la mwisho, "tunakwenda", na chini ya neno hilo sponji likakamuliwa polepole, polepole, kisha likaachiwa. Tulilia wote, na mikrofoni bado ziko wazi. Kile kilio mlichosikia majumbani hakikuwa cha kuigiza. Baada ya hapo tulipokea wageni getini, wajane kwa wagane, waliokuja kusema tu kwamba asanteni kwa kutomrudisha, maana wao wa kwao hakurudi.

Sasa tuseme la mwaka huu, maana kunyamaza kwenye karatasi hii kungekuwa kumvunjia heshima. Meneja wa vipindi ametangaza kwamba msimu ujao Nahodha atafufuka. Wasikilizaji wamemkumbuka, anasema, na kifo redioni ni uamuzi tu wa kikao. Alimwambia Mama Ini hivyo mbele yetu, akaongeza kwamba baada ya tarehe 30 hakutakuwa na wa kupinga. Akamwahidi pia nafasi ya mshauri akiridhia mabadiliko hayo. Mama alikoroga chai yake. Kisha akauliza kama alivyouliza siku ile ya kwanza: ndani ya maiti aliyekaa kaburini misimu mitatu, anakula nini? Nafasi ya mshauri iko wazi, anayeitaka akaombe.

Meneja yuko hapa leo, safu ya mbele, na karatasi hii anayo mapajani. Tunamheshimu, na kwa suala la viyoyozi tunamshukuru kwa dhati. Lakini hilo la kumfufua Nahodha hatuliandiki. Waandishi hawaliandiki, na fundi sauti aliyerithi lile beseni amelifungia kabatini. Mwigizaji wa Nahodha, ambaye angerudi kwenye kazi na jina lake, ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote: "Mimi nilishakufa, tena nilikufa vizuri. Msiniharibie." Watafutwe waandishi wengine ikibidi. Nao wataulizwa anakula nini, maana wasikilizaji wamefundishwa kuuliza, na aliyewafundisha ndiye tunayemuaga.

Mama Ini, tunakushukuru kwa kila karatasi uliyoturudishia. Lala mpaka jua likuchomee dirishani. Kunywa chai ikiwa bado ya moto, jambo ambalo hapa hukulipata hata mara moja. Sikiliza redio ukitaka, uzime ukichukia, na wajukuu wakikusimulia habari za majitu, wahurumie kidogo. Maisha yako ya sasa yawe marefu na mepesi, na yawe na mantiki pale tu unapotaka wewe.

Jambo la mwisho. Wasifu huu umeandikwa na mtu mmoja, kwenye meza moja, na mhariri wa jarida letu, aliyeipitia karatasi hii, ameuliza kwa nini mtu huyo mmoja anaandika "tu" kila mahali. Mama Ini hahitaji kuelezwa. Aliingia ndani yetu akakaa, akala kidogo kidogo, akalipa kodi yake yote, na sisi wenye nyumba bado tuko hai. Kwa hiyo siku meneja akimwita mmoja wetu ofisini peke yake, akafunga mlango na kumuuliza kama bado anakataa, atajibiwa: "Tunakataa."