Chombo cha Askari Ziwani Nzilo

Jumamosi, tarehe 14 Machi 2026, saa mbili na dakika kumi asubuhi, basi letu liliondoka Kolwezi kuelekea Nzilo katika manyunyu. Mbele yangu Mukuna, fundi wa kuchomelea vyuma, alimsimulia jirani yake Shafii, dereva wa lori, juu ya chombo alichokiunda: cha kumshusha askari wa karne zijazo kutoka angani. Vijana wapiga filamu wangekiangusha ziwani saa nne, huku Mignonne, binti ya Mukuna aliyeahidiwa na babake kucheza askari huyo, akiwa ndani.

“Mayi haiwezi kuingia, tata,” alisema Mukuna, akimwita mwenzake baba kwa heshima. “Nilijaza mayi ndani siku tatu, ata tone moja haikutoka.” Ndivyo mafundi wetu wanavyopima matangi ya mafuta.

“Ulijaza ndani,” akasema Shafii, “lakini Nzilo iko inje. Mulango inafungukia wapi?”

“Inje.”

“Basi mayi itaifunga. Mi nilizama na lori; mulango ilikatala mpaka kabine ikajaa. Askari yako ya mwaka elfu tatu atafia mu mwaka hii yetu.”

“Chuma ni ya milimetre sita!”

“Ata kaburi iko nguvu, tata.”

Walibishana hadi bwawa likaonekana, Mukuna akifuta viganja kwenye suruali. Ndipo simu yake ikalia. Katika shule ya bweni niliyosoma tulifundishwa kwamba ahadi ni deni, nami sijawahi kumtetea anayelikana.

“Mignonne, ni kweli, nilikuahidi. Nakatala. Hautaingia mule.”

Basi likasimama. Nilisimama pia, na kwa heshima nikampisha Mukuna atangulie.