Kwako Inafunguka: Risala ya Dawati la Wateja kwa Mkuu wa Mifumo

Mgeni rasmi, Mkuu wetu wa Mifumo. Viongozi mlioongozana naye. Wenzetu watengeneza programu mlioshuka kutoka ghorofa ya juu, wengine kwa mara ya kwanza. Mabibi na mabwana.

KARIBU

Sisi wa Dawati la Wateja tuna furaha kukupokea katika chumba hiki ambacho simu zake hazina adabu ya kunyamaza. Leo zimezimwa kwa heshima yako, na wateja wakituuliza kesho tutawaambia ulikuwapo. Kiti ulichokalia ndicho pekee chenye mikono yote miwili. Tafadhali usiegemee sana upande wa kushoto.

TULIKOTOKA

Zamani tulikuwa na mifumo miwili isiyosalimiana. Mmoja ni wa tiketi, ambamo kila hitilafu ya mteja huandikwa na kufuatiliwa hadi itatuliwe. Wa pili ni wiki, yaani kurasa zetu za pamoja zenye maelekezo ya kazi. Mwaka jana, Mgeni rasmi, uliifungisha ndoa wewe mwenyewe, ili tiketi ionekane ndani ya ukurasa wa wiki na kila mmoja asome maelekezo mapya papo hapo. Tulipiga makofi, na yalikuwa makofi ya kweli.

MAFANIKIO

Yapo. Ghorofa ya juu hawatupigii tena kuuliza mteja fulani kalalamika nini. Kurasa zinapendeza. Nasi tumejifunza subira, ambayo haikuwamo kwenye mpango kazi.

CHANGAMOTO

Ni moja, ila ina watoto. Tukifungua ukurasa wa maelekezo, pale panapopaswa kuwa na tiketi tunaona kufuli dogo na maneno "Huna ruhusa ya kuona". Wa kwanza kuripoti ni mwenzetu tunayemwita Mama Pole, kwa kuwa hakuna mteja aliyewahi kumpigia akakosa pole. Ametukataza tusimtaje leo. Tulimkubalia, na sasa tunamtaja.

Mama Pole alifungua tiketi kueleza kwamba haoni tiketi. Ikahamishiwa fungu la Mifumo, yaani orodha ya tiketi za idara yako, nawe ukaijibu siku hiyo hiyo, kwa uungwana: "Kwangu inafunguka." Kisha ukaifunga. Fungu hilo, Mgeni rasmi, nalo hana ruhusa ya kuliona. Alisubiri jibu wiki nzima, akitutuliza: "Mwacheni, ana mengi yule." Mwishowe mtengeneza programu mmoja akamsomea jibu lako kwenye simu.

Basi tukachunguza wenyewe. Tulimwomba kila mtu afungue ukurasa ule ule. Watengeneza programu wakaona tiketi, sisi tukaona kufuli. Ndipo tukaelewa kwamba ruhusa tulipewa upande wa wiki, lakini upande wa tiketi hatukuandikwa. Nawe unapojaribu, unajaribu kwa akaunti ya msimamizi mkuu, ambayo ni kama ule ufunguo unaofungua milango yote, ambao jina lake la mtaani hatuwezi kulitamka mbele ya mgeni rasmi.

Kazi haikusubiri. Wenzetu wa juu wakawa wanatupigia picha skrini zao, nasi tunazibandika kando ya kompyuta. Shida ni kwamba maelekezo hubadilika na picha haina habari.

Mwezi uliopita duka la dawa lilipiga simu, mashine ya mauzo imeganda. Mama Pole akasema, "Pole sana, kaka, twende taratibu," akamsomea picha neno kwa neno. Maelekezo yalikuwa yameshabadilishwa ndani ya tiketi. Duka likakaa bila kuuza hadi mchana, wagonjwa wamejipanga na vyeti vya daktari mkononi. Mteja akalalamika, na alikuwa na haki. Mama Pole akaondolewa kwenye simu kwa kosa la kutofuata maelekezo yaliyopo kwenye wiki, na kesho kamati yako inakaa kuamua kama atabaki kazini.

Siku hizi anapanga mafaili pale kwenye kona. Simu ikilia mkono wake huinuka, halafu anaushusha. Inatuuma kumwona hivyo. Juzi tulipoanza kunong'ona kuhusu risala hii, alisema, "Msijitie matatani kwa ajili yangu, na nyie mna watoto wa kulisha." Ndiyo, tunao. Na wengi wetu kazi hii tulifundishwa na yeye.

OMBI LETU

Hatuombi kompyuta mpya, wala nyongeza. Meza ya Mama Pole ipo karibu na dirisha, na kompyuta yake iko wazi kwa akaunti yake. Mwenyewe hajui kwa nini tulimwambia asiifunge. Tunaomba, kabla ya chai, ukakae kwenye kiti chake ufungue maelekezo ya mashine za mauzo kwa mkono wako. Yakifunguka, kamati iamue itakavyo, nasi hatutasema neno. Ukiona kufuli, tunaomba kesho uieleze kamati ulichokiona ukiwa umekaa pale.

Ruhusa zetu sisi unaweza kuzishughulikia hata wiki ijayo. Yeye ana leo tu.

Mwenyezi Mungu akulinde, aibariki nyumba yako, na akujaalie kesho njema ambayo nasi tutakuwa na sehemu ndani yake.

Ni sisi, wafanyakazi wote wa Dawati la Wateja, Mama Pole akiwemo.