Mama Mikate na Nyumba Iliyokata Kona

Huyu tuliyemleta hapa leo, wengi wenu mnamjua kwa jina la Mama Mikate, ingawa maisha yake yote hakuoka mkate hata mmoja. Safari yake ilikuwa hivi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1956, katika nyumba ya chumba kimoja nyuma ya karakana ya reli. Baba yake alikuwa mpaka rangi wa mabehewa, mama yake akishona nguo za watu. Alikuwa mtoto wa sita kati ya tisa. Walilala mzungu wa nne, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule, na sehemu yake yeye ilikuwa ukingoni, ukutani kabisa. Alisimulia kwamba alijua kugeuka bila kumwamsha mtu kabla hajajua kuhesabu. Wanawe wakimcheka aliwaambia, "Chekeni tu. Anayejua kugeuka pahali padogo hapotei pahali pakubwa."

Alianza darasa la kwanza mwaka 1964 katika shule ya msingi ng'ambo ya reli, akamaliza la saba mwaka 1970. Mwalimu wa ushonaji aliwahi kumpa kila mwanafunzi kitambaa akikunje. Cha Marehemu kilikunjwa vizuri hata mwalimu akakiweka mezani kuwa mfano, na hakikukunjuliwa mpaka mwaka ukaisha. Hakuendelea na masomo, kwa sababu zamu ilikuwa ya kaka zake. Hakulinung'unikia jambo hilo, ila hakulisahau, na binti zake wote wawili walivaa sare safi na viatu vizima miaka yote ya shule.

Tarehe 12 Mei 1975 aliajiriwa udobi katika hoteli kubwa ya mji wa wageni, ule ulio kando ya ziwa. Chumba chao cha kazi kilikuwa chini ya ardhi, mvuke umetanda, mabomba yanalia kama watu wenye kikohozi. Shuka la kitanda kikubwa hukunjwa na watu wawili. Yeye alilikunja peke yake: pindo moja analibana kwa kidevu, mikono anaitandaza kama anayekumbatia mti, halafu kufumba na kufumbua shuka limekuwa mraba kwenye rafu. Wenzake walioanza naye wanasema hawakuwahi kuona likigusa sakafu. Alifanya kazi hiyo mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2016.

Mji ule una vitanda vingi kuliko watu, lakini vyote ni vya wageni. Wanaovitandika hutoka mbali alfajiri na kurudi mbali jioni. Marehemu hakutaka watoto wake wawe wanamwona usiku tu, akiwa amelala, kwa hiyo maisha yake yote alitafuta jambo moja: kukaa karibu na kazi yake, na wanawe wakiwa karibu naye.

Alifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1980 na dereva aliyeleta mikate hotelini. Mlango wa nyuma wa jikoni na wa udobi ulikuwa mmoja. Dereva akaanza kuja mapema kuliko jikoni walivyohitaji, na kukawia kuliko kazi yake ilivyotaka. Siku moja mpishi akamuuliza, "Wewe bwana, mikate hii unatuletea sisi au dobi?" Akajibu, "Kila mtu ana fungu lake." Dobi akajifanya hakusikia, lakini shuka lililokuwa mkononi alilikunja mara mbili.

Mwaka 1986 kiwanda cha mikate kilifungwa. Hawakuwa na cha kuwalipa wafanyakazi, basi dereva akapewa lile gari lake. Mwezi huohuo mwenye nyumba waliyopanga akawaambia kwamba anageuza vyumba vyote viwe vya wageni. Mume akaliegesha gari kwenye uwanja wa kambi pembezoni mwa mji, pale watu wanapopiga mahema, akasema, "Mke wangu, tulale humu juma moja tu, huku tukitafuta chumba." Marehemu alipenda kuwaambia watu, "Juma lile halijaisha mpaka leo."

Ubavuni gari lilikuwa bado limeandikwa MIKATE kwa rangi nyekundu, ndiyo asili ya jina lake. Watu wakawa wanabisha hodi. "Mama, mikate ipo?" "Mikate haipo, lakini chai ipo. Ingia." Ndani, rafu za kuwekea mikate ndizo zilizokuwa vitanda vya watoto, mmoja juu ya mwenzake. Mgeni akistaajabu, Marehemu alimwambia, "Hawa wangu bado hawajaiva." Na siku za jua kali, kuta zikipata moto, gari zima lilinukia mkate mpya, miaka mingi baada ya mkate wa mwisho kushuka. Hakuna aliyewahi kueleza harufu ile ilijificha wapi.

Uwanja ule una sheria moja kubwa. Gari lisilotembea si gari, ni kibanda, na vibanda haviruhusiwi. Kila Jumamosi asubuhi kila gari sharti liwake na kuuzunguka uwanja kwa nguvu zake, lipite mbele ya ofisi ya msimamizi getini, ndipo lirudi pahali pake. Kwa hiyo kila Jumamosi Marehemu alipaza sauti: "Fungeni dunia!" Kifungua mimba alivifunga vikombe kwenye taulo. Binti wa kati aliondoa kioo na kukilaza kitandani. Mama mwenyewe alisimama katikati ameshika birika la chai, kwa sababu birika hakumwamini nalo mtu. Baba anatia gia, na nyumba inaondoka.

Kitinda mimba alipoambiwa shuleni achore nyumba yao, aliichora na magurudumu. Wenzake wakamcheka. Mwalimu akaja Jumamosi kujionea, akakaribishwa chai, na kikombe kikiwa mkononi mwake nyumba ikaanza kwenda. Aliondoka akisema hajawahi kunywa chai ndani ya nyumba inayokata kona, na mchoro ule akaupa alama zote.

Mara moja tu mambo yaliharibika. Fundi viatu, jirani yao, alikuwa amefunga kamba ya kuanikia kwenye mpini wa mlango wao, naye akasahau kwamba ni Jumamosi. Gari likaondoka na nguo za nusu ya uwanja, suruali na magauni yanalifuata vumbini kama maandamano. Fundi viatu akawa anakimbia nyuma huku akipiga kelele, "Mama Mikate, unaniachisha mke! Hayo magauni ni ya mke wangu!" Marehemu alizikusanya nguo zote, akazifua, akazipiga pasi na kuzikunja, akamrudishia kila mtu zake. Kuna waliosema wangependa ziburutwe tena.

Mume wake alifariki tarehe 9 Februari 2003. Wengi walidhani huo ndio mwisho wa Mama Mikate pale uwanjani, maana hakuwahi kuendesha. Akajifunza akiwa na miaka arobaini na sita, akapata leseni. Waliomfundisha walishangaa: gia alizibadilisha kwa wakati wake tangu siku ya kwanza, bila kutazama chini. Akawaambia, "Nimemsikiliza huyu miaka kumi na saba nimesimama na birika. Najua akitaka kitu anasemaje." Gari alikuwa akiliita "huyu", kama mtu. Wanawe mpaka leo wanajiuliza ilikuwaje: walidhani mama yao anashika chai, kumbe anasoma.

Mwezi wa Septemba 2024 miguu yake ilianza kuvimba na pumzi kumpungukia. Daktari alimweleza kwamba moyo wake umepanuka. Alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi hicho ndicho kitu pekee nilichoweza kupanua, daktari. Vingine vyote nilivikunja."

Kitinda mimba wake, aliyekuwa na mtoto mchanga, alirudi kulala kwenye rafu yake ya zamani ili amuuguze. Kifungua mimba naye, ambaye ni fundi mwashi na amejenga mwendo wa siku nzima kutoka pale, alikuja kumchukua.

"Mama, nimekujengea chumba. Kina madirisha mawili."

"Nimekiona kwenye picha, baba. Kizuri. Mtu anaweza kucheza dansi mle."

"Sasa je?"

"Sasa mimi hapa nikinyoosha mkono nagusa birika. Nikinyoosha wa pili namgusa mjukuu. Kule nitagusa nini?"

"Utagusa ukuta, Mama, kama watu wengine."

Msimamizi wa uwanja alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, kwa kuwa Jumamosi iliyopita gari halikuzunguka. Alisema, "Mama Mikate, nakuheshimu kama mama aliyenizaa. Lakini nikimwachia mmoja, mwakani nitakuwa na mji wa vibanda." Marehemu akamwambia hakuna aliyeomba kuachiwa. Kisha akamgeukia mwanawe. "Jumamosi huyu akizunguka kwa nguvu zake, mimi nabaki, na neno hili usilirudie tena. Asipozunguka, nakunja vyangu twende." Mwanawe akakubali. Alijua kwamba mama yake hawezi tena kukanyaga klachi.

Ikafika Jumamosi, tarehe 8 Februari 2025. Kutoka kitandani Marehemu akasema, "Fungeni dunia." Sauti ilikuwa ndogo, lakini kila kitu kikafungwa. Kitinda mimba, ambaye hakuwahi kushika usukani, akampa bibi mtoto ampakate, akaenda kukaa mbele. Gari likawaka, likaruka kama chura, likazimika. Likawaka tena, likazimika. Nje majirani wote walikuwa wamesimama. Msimamizi alitazama viatu vyake. Kifungua mimba alikuwa kando ya gari alilokuja nalo, mikono ameikunja.

Sauti ikatoka nyuma. "Usimkanyage kama unaua mende. Mwachie polepole."

"Siwezi, Mama."

"Unamjua huyu. Umemsikia tangu uko tumboni mwangu. Fumba macho umsikilize. Akianza kunung'unika kwa ndani, ndipo umwachie."

"Nifumbe macho, nami naendesha?"

"Bado huendeshi."

Akafumba. Na kweli, chini ya kelele zote alisikia ule mnung'uniko, uleule aliokuwa akilalia utotoni siku za Jumamosi na kudhani ni sauti ya nyumba. Akaachia. Nyumba ikaondoka.

Fundi viatu alikuwa ameshafungua kamba yake tangu asubuhi, bila kuambiwa. Walipofika kwenye kona ya mahema, mbele ya gari alionekana mtu anatembea kinyumenyume, anasukuma mawe kando kwa mguu na kupunga mikono, njoo, njoo, kulia kidogo, njoo. Alikuwa kifungua mimba. Yule aliyekuja kumwondoa mama yake ndiye aliyemsafishia njia. Walipopita getini msimamizi alivaa kofia yake, ili apate kuivua. Nyuma, mfuniko wa birika ulikuwa unagongagonga taratibu, na mtoto amelala kifuani kwa bibi yake.

Waliporudi pahali pao Marehemu alichungulia dirishani, akasema, "Umeegesha upogo." Kisha akasema, "Lakini umefika."

Hakuna aliyetaja tena chumba cha madirisha mawili. Kifungua mimba alikaa pale uwanjani kwenye hema, kando ya mlango wa mama yake, mpaka mwisho. Marehemu alifariki asubuhi ya Alhamisi, tarehe 6 Machi 2025, kitandani kwake, mlango uko wazi, jua linaingia. Kuta zilikuwa zimeanza kupata moto. Waliokuwepo wote walisikia harufu ya mkate.

Alikuwa na miaka sitini na minane. Ameacha watoto watatu, wajukuu saba, dada yake mmoja, majirani wa uwanja wa kambi, na wale madobi aliowafundisha, ambao leo ndio waliolikunja shuka alilofunikwa. Tunawashukuru daktari na wauguzi wa hospitali ya mji, na msimamizi wa uwanja, aliyetangulia mbele ya msafara kwa baiskeli yake.

Leo pia ni Jumamosi. Asubuhi kifungua mimba ndiye aliyepaza sauti, "Fungeni dunia," na kila mmoja akafunga fungu lake. Birika alilishika mjukuu mkubwa. Gari mliloliona getini hapa, lenye maandishi mekundu, ndilo lililomleta, na huyu wake amekuja kwa nguvu zake mwenyewe, bila kusukumwa na mtu.

Mama, umefika. Zima injini. Hapa hakuna atakayekuambia usogee. Pumzika kwa amani.