Sixten Hägglund na Treni Zilizokwenda Kulia

Sixten Hägglund anastaafu Ijumaa hii, tarehe 29 Mei 2026, baada ya kuutumikia uwanja wa reli wa kiwanda cha karatasi cha Kvarnsele kwa miaka thelathini na saba na miezi minane. Kwenye karatasi za ofisi anaitwa mpangaji wa mabehewa. Maana yake ni kwamba kila gogo lililoingia hapa kwa reli, na kila roli la karatasi lililotoka, lilipita mikononi mwake.

Alianza Septemba 1988 akiwa na miaka ishirini na nane, akitokea msituni alikokuwa akikata miti. Siku hizo mabehewa yalifungwa kwa mkono, mtu akisimama katikati ya vyuma viwili vinavyokuja kukutana. Sixten bado ana vidole kumi, na kwa watu wa rika lake uwanjani hicho ni cheti tosha. Majira ya baridi ya 2003 makutano ya reli yaliganda siku tisa mfululizo. Aliyayeyusha kwa moto wa gesi, moja baada ya jingine, na mashine ya karatasi haikukosa magogo hata saa moja. Mwaka 2009 aliangusha behewa nje ya reli. Hakuna aliyemwona. Alikwenda mwenyewe ofisini, akaomba fomu ya ajali, akaijaza, kisha akarudi kuliinua.

Mimi nililetwa uwanjani mwaka 2014 nikiwa sina lugha ya hapa. Alinifundisha kwa mkono: kidole kimoja simama, viwili njoo, ngumi achia. Mwaka wa kwanza sikumpenda, maana alirudia kila kitu mara tatu hata kile nilichokuwa nimeshakielewa. Mwaka wa pili mwenzetu wa zamu nyingine alivunjika mguu kwa jambo ambalo kwetu lilikuwa limesemwa mara tatu. Tangu hapo sikulalamika.

Lakini wengi mtakaosoma hapa mnamjua kwa reli yake nyingine, ile isiyoganda.

Kwenye chumba cha mapumziko kuna kompyuta za klabu ya wafanyakazi, na ndani yake mchezo ambao zamu yetu imeucheza pamoja tangu 2015. Mchezaji anashushwa kwenye sayari tupu ajenge kiwanda. Kujenga si kugumu. Kigumu ni kwamba chuma kiko huku, shaba iko kule, mafuta yako nyuma ya milima, na hakuna kinachojileta. Yaani ni kazi ileile tunayolipwa, tunaifanya bure wakati wa chakula. Mke wa Sixten aliwahi kuuliza tuna akili gani.

Jonte Wikberg wa karakana ndiye aliyejaribu kwanza. Alijenga mkanda wa kubebea mawe ya shaba, kilomita nne. Jiwe lililopanda mkanda tulipokuwa tunafungua vyombo vya chakula lilifika tukiwa tumeshavaa kofia za kazi. Anneli Stenvall, wa winchi ya magogo, akaleta malori. Yalikwenda vizuri mpaka darajani, halafu yakawa yanaingia mtoni moja baada ya jingine, kwa utaratibu mzuri kabisa. Sixten alitazama wiki nzima. Jumatatu iliyofuata akaanza kutandika reli.

Alitandika kilomita kumi na moja kuuzunguka mto, kutoka kwenye shaba mpaka bandari ya kiwanda chetu, jinsi reli za huku kaskazini zilivyo: njia moja, na katikati sehemu ya kupishana. Kwenye reli ya kweli kuna mtu anayeamua treni ipi isubiri. Kwenye mchezo hayupo, kwa hiyo siku ya kwanza treni mbili zilikutana uso kwa uso zikasimama, na zingekuwa zimesimama mpaka leo. Sixten hakuona tatizo. Alikaa yeye pale. Kwa miaka kumi, kila siku ya kazi saa tano na nusu, alishika mkate kwa mkono mmoja na kuachia treni kwa mkono mwingine. Kila Alhamisi, siku ya supu ya njegere hapa kazini, supu yake ilipoa. Tulimcheka sana kwa hilo. Kisha mwaka 2021 akafanyiwa upasuaji wa nyonga, akakaa nyumbani wiki sita, na kwa wiki sita kiwanda chetu hakikupata shaba hata kilo moja. Tukaacha kumcheka.

Mwaka huu, mwezi wa pili, Anneli alileta jambo kwenye kikao cha klabu. Mtu akistaafu anarudisha kadi ya lango, na kompyuta ziko ndani ya lango. Sixten akiondoka, nani atakaa pale katikati? Hakuna aliyeinua mkono, na mimi pia sikuinua. Napenda kula chakula changu kikiwa moto. Ikaamuliwa kwamba kama mpaka siku yake ya mwisho reli haiwezi kwenda bila mtu, tutaing'oa yote na kununua droni za kubeba shaba humo mchezoni. Sixten alikuwepo. Aliandika uamuzi kwenye kijitabu chake kama anavyoandika namba za mabehewa.

Kesho yake alianza kutandika njia ya pili pembeni ya ile ya kwanza, ili treni zinazokwenda zisikutane tena na zinazorudi. Kila mita mia mbili na kidogo alisimamisha nguzo za taa za kuongoza treni, moja kwa kila njia. Tulitaka kumsaidia, akakataa, akasema tutamsaidia kwa kusimama pembeni. Ilimchukua wiki kumi na tatu. Jumatatu hii, zikiwa zimebaki siku tano, aliwasha kila kitu.

Hakuna treni iliyosogea.

Akakagua reli, akakagua taa, akakagua tena. Kila kitu kilikuwa sawasawa. Mimi sina elimu ya reli zaidi ya niliyopewa kwa vidole, na labda ndiyo maana niliona. Bandarini kulikuwa na taa moja kuukuu, ya majaribio ya Jonte. Hiyo peke yake ilikuwa ya kijani, na ilikuwa upande wa kulia wa treni.

"Mzee," nikamwambia, "taa zako zote ziko kushoto."

"Zinatakiwa ziwe kushoto," akasema Sixten. "Treni inapita njia ya kushoto. Taa inakaa kushoto."

"Kwetu, ndiyo," akasema Anneli. "Huu mchezo unasoma taa ya kulia tu. Ya kushoto unadhani ni ya anayerudi."

Jonte alikuwa anatafuna. "Basi geuza vituo viwili vya mwisho, njia zibadilishane, taa zitakuwa kulia zenyewe. Ni kazi ya mlo mmoja. Tutakuwa Wanorwe, ambao treni zao hupita kulia, lakini tutapata shaba."

Watu walicheka. Sixten aliosha kikombe chake, akakiweka kichwa chini, akatoka kabla ya muda.

Jumanne alikuja na hesabu. Nguzo tisini na sita. Alianza kuzihamisha moja moja kwenda kulia, kuanzia pale katikati kwenye sehemu yake ya kupishana, ili treni ziendelee kwenda kushoto kama zinavyokwenda Kvarnsele. Hatukubishana naye. Kengele ilipolia alikuwa amehamisha kumi na nne. Kila mtu mezani alipiga hesabu ya siku zilizobaki.

Jumatano alikaa mbele ya kompyuta muda kidogo mikono ikiwa magotini. Jonte akavuta kiti akamuuliza kama anataka wazihamishe pamoja. Sixten akatikisa kichwa.

"Mimi Ijumaa naondoka," akasema. "Treni zinabaki, na nyie hamtakumbuka kitu kisichofanana na kitabu cha mchezo. Ziende kulia."

Akageuza vituo vyote viwili mwenyewe. Aliniomba nimrudishie zile taa kumi na nne zilipokuwa, nikasema nitafanya.

Jana Alhamisi treni kumi na mbili zilikwenda na kurudi, kulia, bila mtu. Sixten alizitazama tatu za kwanza. Halafu akageuza kiti, akala supu ya njegere ikiwa moto, akaongeza haradali, akala na chapati tamu zinazofuata supu, mbili. Alisema supu ni nzuri kuliko alivyokuwa akifikiri.

Sasa jambo ambalo Sixten halijui, na atalijua akisoma hapa. Zile taa kumi na nne sikuzirudisha: Jumatano nilizing'oa tu ili treni zipite, na jana tukazisimamisha tena pale alipozihamishia. Jana kwenye kahawa ya saa tisa, mimi, Anneli na Jonte tulitandika reli za kuvukia pande zote mbili za sehemu ile ya katikati. Kila treni inayofika hapo inavuka, inakwenda kushoto mpaka mwisho wa taa zako hizo, Sixten, kisha inavuka tena na kurudi kulia. Zikikutana mbili, moja inasubiri nyingine ipite. Anneli amepima: kila safari inachelewa sekunde kumi na moja. Tumepiga kura, na kura tatu zimesema hizo sekunde zitabaki hapo.

Keki ya kijani ya kukuaga italiwa saa nane na nusu, na kompyuta itakuwa imewashwa. Kadi ya lango irudishe ukishamaliza kutazama.

Kwa magogo yote na kwa vidole vyangu kumi, asante. Uzee wako uwe mwepesi, nyonga isikusumbue, na kuanzia Jumatatu tembea upande wowote unaoutaka.

Byamungu Lwaboshi
Uwanja wa reli, zamu ya kwanza