Mtungi wa Mshindi

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Bazilio, mdogo wangu, acha kusimama mlangoni kama mgambo, ingia ukae, maana sauti yangu leo haifiki mbali. Mimi Melkiadi, niliyekuwa nikisema sokoni Kibondo na watu wa Mabamba wakaapa kwamba wamenisikia, waongo wakubwa wale, lakini niliwapenda, leo hata kuomba maji nahema. Niacheni niseme mpaka nimalize. Rosa, usinifunike, mwanangu, nina joto.

Migomba ya bondeni ni ya Dadi. Mbuzi wote ni wako Rosa, na mumeo akiuliza, mwambie baba kasema. Shamba la kahawa la juu, pamoja na mashine ya santuri, spika zake na santuri zote, ni vya Evaristi, kifungua mimba wangu. Haya, Bazilio keshakunja uso! Kunja, bwana, lakini leo utanisikia, kwa sababu ni wewe uliyepita ukoo mzima ukisema Evaristi alikataa mtungi wa baba yake, kwa hiyo hana urithi.

Wengine mlikuwa wadogo, basi sikilizeni ilivyokuwa. Nilikuwa napiga santuri kwenye harusi, betri ya gari nimeifunga nyuma ya baiskeli, na santuri ikiisha watu wawili wanasimama kwa majigambo: unajisifu wewe, unamchana mwenzako, pua yake, jembe lake, mbio zake za kukimbia nyuki, hadi watu wenyewe waseme nani kashinda. Wakimaliza unaletwa mtungi mmoja wa pombe ya ndizi. Mshindi anatia mrija kwanza, anafuata aliyeshindwa, na matusi yote yanaishia pale pale. Kwa miaka mingi mrija wa kwanza ulikuwa wangu, na sikuwa na adabu nao hata kidogo.

Basi mwaka ule tuliohamishiwa kijiji kipya, watu wana huzuni, nyumba hazijaezekwa, akasimama Evaristi. Mwanangu mwenyewe! Akasema, "Mzee huyu anajisifu kwa ng'ombe aliokwisha kuwauza, kwa meno yaliyokwisha kung'oka, na kwa milima aliyoipanda akiwa mgongoni kwa mama yake." Loo! Watu walianguka chini. Mimi mwenyewe nilicheka hadi nikashikilia spika nisidondoke. Nilishindwa peupe, na haki ya Mungu sijawahi kufurahi vile, hata siku ya ndoa yangu.

Nikachukua mrija, nikamnyooshea anywe. Akapiga magoti, akausukuma mtungi kwangu kwa mikono miwili. Angefanyaje? Tangu azaliwe hajawahi kunywa kabla ya baba yake. Nikaurudisha kwake, akaurudisha kwangu. Mimi niliyeshindwa siwezi kutangulia, yeye mtoto hawezi kutangulia. Mtu mmoja akasema, "Amekataa mtungi wa baba yake," na pombe ile ikamwagwa chini bila mtu kuionja. Nilisema siku ile na leo nasema tena: mwanangu hakunikataa, aliniheshimu. Mkadhani mzazi anamfichia mwanawe aibu, mkanipuuza.

Akakimbilia Kasulu kwa kuona haya. Huko ndiko alikopata jina, akanunua mashine yake, akamwoa Esteri, ambaye wazazi wake walivuka kutoka Burundi wakikimbia mauaji. Kila nikimwita, wachuuzi walirudi na salamu zile zile: mwambieni baba naona haya. Nikapanda lori, nikamfuata. Nilimkuta sokoni, watu wamemzunguka, maneno yanamtoka hata hapumui, nikajibanza nyuma ya umati. Akaniona. Akakatisha katikati ya neno, akavua kofia, akainamisha kichwa. Watu wakamzomea, naye hakufungua mdomo. Ikabidi nigeuke, nikaenda nyuma ya maduka ili aendelee na kazi yake, na kule nikasikia makofi tu. Mwanangu alikuwa fundi wa maneno, na tangu siku ile ya mtungi nyote mmemsikia akisema mpaka mwisho, isipokuwa mimi. Hilo linaniuma kuliko kifua hiki.

Sasa tangu jana mnaniambia yuko njiani, lori limeharibika. Wanangu jamani. Esteri amefika leo na watoto, mume hayupo, na kila nikimtazama anaangalia ukuta. Wewe Dadi umekaa mbele ya baba yako na kofia kichwani, ndivyo nilivyokulea? Ivue. Ivue, nimesema.

Umenyoa. Na wajukuu wangu wamenyolewa. Mmemzika mwanangu, mkaja kuninywesha uji.

Sina hasira. Mliogopa nisije nikakata roho. Kama ilikuwa homa, kama ilikuwa barabara, msiniambie leo, siwezi.

Nipeni maji... Basi. Shamba la kahawa na mashine ni vya Esteri na watoto wake. Asitokee mtu wa kumwambia arudi kwao, kwao ni hapa. Bazilio, utampeleka wewe mwenyewe, kwa miguu yako, umwonyeshe mipaka ya shamba mbele ya majirani, na mbele yao hao hao useme kwamba Evaristi alikuwa mtoto mwenye adabu. Utasema? Tikisa kichwa nione. Ahsante, ndugu yangu. Na mimi mnizike ubavuni kwake. Kama mmemlaza Kasulu, nipelekeni Kasulu, msinibishie.

Mungu awatunze. Mzae, mlime, mvune, mpendane hivyo hivyo mlivyo. Dadi, nakubariki. Rosa... Esteri, mwanangu, na wewe nakubariki, wewe na hawa wadogo.

Mbona mmebana midomo? Tangu asubuhi mmebana kwa ajili yangu. Ni mwanangu. Msinifungie nje ya msiba wake. Lieni. Anza wewe, Esteri... kwa sauti, mama, kwa sauti... nisikie.