MaHlabangana Akabidhi Jengo Likiwa Tupu

Baada ya miaka thelathini na nane kwenye Duka Kuu la Orrick, hapa Bulawayo, Bi. Siphathisiwe Hlabangana, MaHlabangana wetu, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Agosti.

Alianzia sare za shule, na alikuwa akimwona mtoto mlangoni tu, keshajua saizi ya kaptura yake. Wateja walipohamia maduka ya nje ya mji, ghorofa zilifungwa moja baada ya nyingine, ikabaki kaunta yake ya vifungo na nyuzi huku chini. Wakuu walikuwa wakisubiri kiwanja kipande bei, kwani siku hizi ardhi ina thamani kubwa kuliko duka lililo juu yake. Lakini hati ya kiwanja ilidai kila siku ya kazi kiuzwe angalau kitu kimoja kwa mtu asiye mfanyakazi, la sivyo kiwanja kinarudi manispaa.

Siku moja ya mgomo, mji mzima ulijifungia ndani. Tulikaribia kufunga, hatujauza hata sindano. Ndipo mwanamke akashuka ngazi kutoka ghorofa ya nne, iliyofungwa kwa mnyororo miaka tisa, akaomba kifungo kimoja cheupe. Mimi, karani wa stoo, nilimtambua nikajificha. Alikuwa Nomvelo Dlodlo wa fanicha, aliyefia kazini huko juu. MaHlabangana alimsalimu, akamuuliza hali, akamwandikia risiti. Baadaye alinicheka: "Wewe nawe! Si walishamfuta kwenye orodha ya wafanyakazi? Basi ni mteja halali."

Toka hapo, kila siku biashara ilipolala, Nomvelo alishuka.

Mwezi uliopita kiwanja kiliuzwa, kwa sharti jengo likabidhiwe bila mtu ndani, na MaHlabangana athibitishe kwa saini. Akagoma. "Sitatia saini uongo. Juu kuna mtu." Viinua mgongo vyetu sote vilikuwa hatarini, na nakiri nilimkasirikia.

Jumatatu, kwa idhini ya ndugu wa Nomvelo, alipanda na tawi la mti wa umphafa, ambalo kwa desturi yetu hubeba roho ya marehemu kutoka mahali alipofia hadi kwao. Alishuka akizungumza na tawi tu: "Haya dada, ngazi hizi. Huu mlango. Twende zetu nyumbani, Lupane." Kwenye basi alilipa nauli ya watu wawili. Jumatano alirudi, akatia saini.

Alasiri hiyo nilikaa kaunta peke yangu. Miaka yote niliogopa nyayo za juu. Sasa kulikuwa kimya, na hofu ikazidi.

MaHlabangana, asante kwa kukataa mwenzetu auzwe pamoja na kuta. Tunakuombea uzee wa raha, mama.