Gunzi Lililopasua Barabara ya Kasoli

Sogeeni karibu, wanangu, msisimame mlangoni kama watu waliokuja kuuliza njia. Philomena, wewe ndiwe mkubwa, kaa hapa kichwani unishike mkono. Mihayo, kaa mahali nikuone uso. Ng'washi, mwache huyo kuku. Mama yenu Milembe yuko pale na kibuyu chake cha maziwa, anajifanya anayasukasuka, lakini masikio yote mawili yako huku. Nisikilizeni mimi Januarius Mayala ningali na pumzi ya kufika mwisho wa neno. Padre amenipaka mafuta asubuhi, nimempokea Bwana, na moyo wangu ni mwepesi kama pamba iliyotoka kuchambuliwa, isipokuwa imebaki mbegu moja ndani yake, na hiyo ndiyo nataka kuitoa leo mbele yenu.

Kwanza mali, maana hata mtu mwenye huzuni ana sikio moja kwenye mali. Nyumba hii ni ya mama yenu mpaka atakaponifuata, na mtu asimwambie asogeze hata chungu. Plau na maksai wawili ni vya Mihayo, lakini siku ya shamba la bega kwa bega vikalime la kijiji kwanza, kama nilivyofanya mimi hata siku nilizonung'unika. Baiskeli ni ya Philomena. Najua watasema mwanamke na baiskeli wapi na wapi. Waambieni Philomena ndiye aliyekuwa akiiendesha kunipeleka zahanati, mimi nimekaa nyuma kama gunia la mtama. Ng'washi, yule ndama mwenye paji jeupe ni wako, umpe jina sasa, maana unamwita "wewe" tu. Ng'ombe waliobaki nitawataja mwisho, kwa sababu wana kazi yao.

Sasa lile lenyewe. Mihayo, mwaka wa pili huu unaniambia unataka kumwoa Nyanjige, binti Athanasi wa Mwamapalala, na mwaka wa pili huu nakukatalia. Ulipouliza sababu nilikujibu kwamba siwezi kuunga ukoo na watu wa Athanasi Pupa. Ukaenda kufunga ng'ombe, nami nikabaki na rozari mkononi nisijue niko kwenye fumbo la ngapi. Mwanangu, binti yule hana kasoro, na baba yake hana kasoro. Kasoro ni mimi. Niliogopa kukaa na Athanasi kwenye mkeka mmoja wa wakwe, nikamtazama usoni, nikala nyama yake, hali nimeubeba moyoni uongo uliomharibia jina.

Mnalijua lambo letu hapo katikati ya kijiji, na mnajua lilichimbwa na bomba lililopasuka. Hamjui lilipasukaje. Mwaka ule wa Azimio mimi na Athanasi tulikuwa watu wa boila, ile ya kuchemshia mvuke, pale jineri ya Kasoli, kiwanda cha kuchambua pamba. Boila ilikuwa upande huu wa barabara, na kinu cha kukamua mafuta ya mbegu za pamba kilikuwa ng'ambo, kwa hiyo mvuke ulipita ndani ya bomba nene lililofukiwa chini ya barabara. Mvuke ukipoa huwa maji, na maji yakikaa ndani ya bomba, mvuke mwingine ukija kwa nguvu huyasukuma kama dume anayesukuma mlango wa zizi, yakaenda kugonga kona kama nyundo. Ndiyo maana pale kwenye uzio palikuwa na kibomba chembamba cha kutolea maji hayo, nacho kilitakiwa kiwe wazi siku zote, na kukitazama ilikuwa kazi yangu. Kazi ya Athanasi ilikuwa kuzungusha gurudumu la kufungulia mvuke. Kila siku kabla hajaligusa aliniita, "Mayala, bomba safi?" nami niliitika, "Safi." Miaka sita tuliitikizana hivyo kama padre na waumini wake.

Maji ya kile kibomba yalikuwa ya moto, na kina mama walikuja na ndoo zao kuyachota kwa kunyonyoa kuku na kukandia wazazi. Kati yao alikuwa Milembe, mjane kutoka Nkololo aliyekuwa akipika viazi na kuwauzia wafanyakazi. Mimi mwenyewe nilikuwa mjane wa mwaka wa pili, ninyi Philomena na Mihayo mkiwa kwa bibi yenu. Siku moja Milembe alisimama na debe lake, akatazama matone yanavyoanguka, akasema mbele ya wenzake, "Baba, maji ya kwenu yanatoka kama machozi ya mjane aliyemchukia mumewe." Wenzake wakacheka mpaka wakashika uzio. Nami nikaona aibu, na ndani ya ile aibu nikaona kwamba nimependa.

Basi nikatafuta gunzi la hindi, nikalichonga kwa kisu, na saa tano nikakiziba kibomba. Saa sita Milembe alipofika nikalichomoa, maji yakatoka kwa kishindo, debe likajaa kabla hajamaliza kunisalimu. Alinitazama, akatazama debe, akasema, "Leo mjane amempenda." Tangu siku hiyo nikawa naziba kila siku saa moja kabla hajaja. Saa moja tu, nilijiambia, saa moja haina madhara. Unacheka, Milembe? Cheka, mke wangu, ndicho nilichokitaka tangu siku ile.

Ikafika Alhamisi moja ya Novemba, mvua ya kwanza ya msimu ikashuka kama imetumwa. Maji yakajaa mtaroni, yakalipoza bomba chini ya ardhi, na mvuke ndani yake ukawa maji kuliko siku zote. Gunzi lilikuwa mahali pake tangu saa tano. Milembe hakuja kwa sababu ya mvua, nami nilisimama nikitazama njia ya Nkololo badala ya kutazama bomba. Kinu cha mafuta kilikuwa kimesimama, wakataka mvuke tena. Athanasi akaniita kutoka kule ndani, "Mayala, bomba safi?" Wanangu, nililikumbuka gunzi. Sisemi nilisahau, nilikwisha kumwambia padre kweli, nanyi nawaambia kweli. Nililikumbuka, na uzio ulikuwa mbali, mvua ilikuwa kubwa, nikaona uvivu na nikaona aibu, nikaitika, "Safi."

Kwanza ardhi iligonga mara tatu, kama mtu aliye chini anaomba kufunguliwa. Kisha barabara ikapasuka. Mawe, matope na mvuke vikapanda juu kuliko bomba la moshi la jineri, na lundo lote la pamba lililokuwa uwanjani chini ya turubai likaenda mbinguni, likarudi polepole pamoja na mvua, likatushukia vichwani, jineri nzima tukawa weupe kama watoto wa komunyo ya kwanza. Mzee mmoja aliyekuja kuuza pamba alivua kofia, akainama mbele ya shimo, akalisalimu kwa adabu, "Ng'wadila, guku," akidhani ni babu yake amechoka kukaa chini. Kwa rehema ya Mungu mvua ilikuwa imewafukuza watu wote barabarani, na hakuna aliyekufa. Ila bomba la ndani nalo lilifumuka kwenye gurudumu, Athanasi akaungua mkono wa kushoto, kiganja mpaka kiwiko.

Wazee walisema nyoka wa ardhi amekasirika, wakataka mbuzi. Mbuzi akachinjwa nami nikala, tena niliomba ini. Watu wa ofisi walikuja na mafaili, wakaandika kwamba mfunguaji alifungua kwa pupa. Athanasi akawaambia, "Mayala aliniambia bomba ni safi." Wakaniuliza. Nikasema ndiyo, lilikuwa safi. Athanasi akafunga kitambaa chake mkononi, akarudi kwao Mwamapalala bila kazi, na jina la Pupa likamfuata. Mnadani walimwambia, "Pupa, taratibu, usitupasulie mnada." Nimesikia mpaka leo hata kikombe cha chai hukinyanyua polepole, watu wasipate la kusema.

Siku ya tatu Saidi mwenye duka alitoka nje akiuliza ni nani amepanda hindi kwenye gunia lake la chumvi. Lilikuwa gunzi langu, limeruka hatua sitini likajikita pale. Nikaliomba, nikasema la kuwashia moto. Sikuliwasha. Philomena, fungua lile sanduku la bati, inua kitabu cha nyimbo, ndilo hilo. Lione linavyong'aa. Padre alinisamehe zamani, lakini padre hakufukuzwa kazi. Aliniagiza niende nikamwambie mwenyewe. Nilikwenda mara tatu. Mara ya kwanza nilirudi na kuku, mara ya pili nilirudi na mbegu za dengu, mara ya tatu nilifika mpaka mlangoni nikamuuliza bei ya asali. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya miaka kumi na minne, tena yenye kivuli.

Maana tazameni jinsi Mungu alivyo mtundu. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki, na yangu yalizoleka. Shimo lile lilijaa mvua, barabara ikapinda kulipita, ng'ombe wakaanza kunywa. Operesheni ilipokuja na tukaambiwa tuhamie vijijini, bwana mipango alisema tujenge hapa kwa sababu hapa pana lambo. Kijiji kizima kimekaa juu ya kosa langu, watoto wanaogelea ndani yake, na Milembe alikubali kuolewa na mwanamume aliyemngoja kwenye mvua, ndipo akazaliwa Ng'washi. Nimetubu kila siku, lakini sikuweza kuwa na huzuni siku nzima. Mungu anisamehe na hilo pia.

Philomena, nipe maji kidogo. Asante, mayu, mama yangu.

Sasa ng'ombe. Kumi na wawili ni mahari ya Nyanjige, na Mihayo uwapeleke kabla sijaoza, usisubiri arobaini, wala ngoma isipunguzwe sauti kwa ajili yangu. Yule mtamba mwekundu ni wa Athanasi mwenyewe, kwa mkono wake, nje ya mahari, msije mkawachanganya. Na siku ya mnada msimame juu ya gari la ng'ombe, mseme kwa sauti: Athanasi hakuwa na pupa, Januarius aliziba bomba kwa gunzi na akasema uongo. Wakicheka, chekeni nao. Pale lamboni wekeni uzio wa miiba upande wa watoto wadogo, na ule mfereji wa kutolea maji msiuache uzibe hata siku moja, hata saa moja.

Nawabariki. Philomena, uende mbali na urudi. Mihayo, uzae watoto wenye akili za babu yao wa pili. Ng'washi, ucheke kama mama yako. Milembe... wewe ulishanibariki mimi. Baba Mungu awafunike wote, kama ile pamba.

Hiyo kengele ya nani? Jana nilimtuma katekista Mwamapalala akamwite Athanasi, sikuwaambia, niliona huenda asije. Ni yeye? Anashuka polepole hivyo, ni yeye. Mihayo, mpokee baiskeli baba mkwe wako. Philomena, lete kiti... hapana, hapa, kitandani, karibu yangu.

Karibu, Athanasi. Nipe mkono. Huo... huo wa kushoto.

Ndugu yangu, pumzi ni chache. Niulize tena. Lile swali la kila siku, niulize kama siku ile.

Ndiyo, hilo hilo: "Mayala, bomba safi?"

Hapana, Athanasi. Si safi. Usifungue... ngoja kwanza, nitoe gunzi.